Gumba la Kushoto

Inspekta Kornel, mkuu wa kituo, alikuwa na desturi ya kumkaribisha mtu chai kila alipokuwa hataki kumjibu. Tangu Theodora, mpelelezi wa makao makuu, aketi ofisini mwake asubuhi ile ya Alhamisi, chai ilikuwa imekaribishwa mara tatu, na mara zote tatu Theodora alikisukuma kikombe pembeni akarudia swali lilelile.

"Marehemu alipiga dole gumba kwenye maelezo yake. Kwa nini hakutia saini?"

"Alisema hajui kuandika, afande."

"Alikwambia wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Maelezo nilichukua mimi, si umeona jina langu hapo chini? Saa tisa alasiri. Alikuwa mzima, ametulia, akakiri wizi wake vizuri kabisa."

Theodora alimtazama Sajini Ezekia, mwenzake waliyetoka naye makao makuu, kuhakikisha kwamba anaandika. Ezekia alikuwa anaandika. Ndipo alipofungua daftari la mali za mahabusu, lile ambalo kila anayeingia kituo cha Kwamagoma huandikiwa vitu alivyovuliwa, akaligeuza limwelekee mwenyeji wake. Mkanda mmoja, viatu jozi moja, saa ya mkono moja. Saa nne asubuhi. Na mbele ya orodha, kwa mwandiko wa mtu aliyemaliza kidato cha sita na kujivunia kalamu yake: *Humaidi Seif*.

"Na hii iliandikwa na nani?"

Kornel alilitazama daftari kwa muda mfupi tu. Hakutoa hata jasho.

"Basi alinidanganya. Watuhumiwa wa siku hizi wanajua sheria kuliko mawakili, afande. Anapiga gumba makusudi, ili kesho mahakamani aseme alishikwa mkono kwa nguvu. Hujawahi kuyaona hayo?"

Alikuwa amewahi kuyaona, tena si mara moja. Jibu lilikuwa zuri, na uzuri wake ndio uliomkera. Theodora alilifunga daftari, akainuka, akatoka bila kuaga.

Alikuwa na siku moja. Kesho yake, Ijumaa, jalada la kifo cha Humaidi Seif lingefungwa. Kijana wa mtaa wa Chemchem, Tabora, umri miaka ishirini na sita, muuza asali ya Sikonge, alikamatwa wiki tano zilizopita kwa tuhuma za kuiba simu ya Inspekta Kornel kutoka kwenye gari. Saa tisa alikiri. Saa kumi na moja jioni alikutwa ananing'inia kwenye nondo za dirisha la mahabusu kwa kipande cha blanketi. Daktari aliangalia shingo, akaandika mistari mitatu, basi. Kesho yake kabla ya adhuhuri maiti ilikwisharudishwa kwao, na polisi, ambao kwa kawaida hukaa na maiti ya watu hadi ndugu wachoke kupiga magoti, safari hii walitoa mpaka gari la kuibeba. Walijua Waislamu hawalazi maiti. Walijua kwamba ikifika itaoshwa, itavikwa sanda, na itafunikwa udongo kabla jua halijazama.

Simu ya Kornel ilipatikana Jumatatu, chini ya kiti cha gari lake.

Jumanne watu waliandamana. Madereva wa bodaboda, wauza mitumba, wanafunzi, kina mama wa Chemchem na vitenge vyao viunoni, wote walikwenda kusimama mbele ya kituo wakiuliza swali moja. Walijibiwa kwa mabomu ya machozi. Kumi na tisa kati yao walishtakiwa kwa kukusanyika bila kibali, na mpaka leo walikuwa rumande. Upande wa polisi walishtakiwa konstebo wawili wa zamu, kwa uzembe: waliacha blanketi ndani ya chumba cha mahabusu. Yaani katika mambo yote yale, mwenye hatia kubwa alikuwa blanketi.

Theodora aliingia tena kwenye kile chumba, kwa mara ya nne. Alipanda juu ya ndoo, akapitisha kipande cha kamba nyuma ya nondo ya juu, akajaribu kukifunga kama kilivyokuwa kwenye picha za kielelezo: mafundo mawili, la pili limekazwa nyuma ya nondo, mahali ambapo macho hayafiki. Ilimbidi apapase. Ilimbidi atumie vidole vyote kumi, na fundo la pili lilimtoa ukucha.

"Ezekia," alisema kutoka kule juu. "Mtu anayekataa saini kwa ujanja, ni mtu anayeiwaza kesi ya kesho. Anayeiwaza kesi ya kesho hajinyongi leo."

"Wakili atasema alibadili mawazo."

"Atasema." Alishuka. "Lakini kama hakuweza kushika kalamu, hilo ni jambo lingine. Nani aliiona mikono yake?"

Daktari hakuandika lolote kuhusu mikono. Kufukua kaburi kulikataliwa na mama wa marehemu tangu siku ya kwanza. Mwanangu alisumbuliwa juu ya ardhi, alisema, asisumbuliwe chini yake. Na mama mwenyewe alifunuliwa uso wa mwanawe tu, sanda ikiwa imekwishafungwa.

"Basi imebaki walioosha," alisema Ezekia.

Theodora alisimama palepale mlangoni. Alizaliwa Nzega, katika nyumba ya Wakatoliki na ng'ombe, na katika siku zote sita za upelelezi wake Tabora jambo hilo halikumpitia akilini. Alijitukana kwa Kisukuma.

* * *

Mzee Muntasir alikuwa fundi baiskeli. Banda lake lilikuwa Chemchem, karibu na nyumba ya mama wa marehemu, limejaa ringi zilizotundikwa hadi darini, na mwenyewe alikuwa ameketi kwenye kigoda akinyoosha gurudumu lililopinda, analizungusha, analisikiliza, anakaza spoku moja, analizungusha tena. Kwa miaka thelathini na moja hakuna mwanamume wa mtaa ule aliyezikwa bila kupita mikononi mwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni pancha, subiri. Kama ni habari za maiti, umepotea njia."

"Umejuaje ni habari za maiti?"

"Viatu vyako vya polisi. Polisi hawapandi baiskeli siku hizi."

Theodora alivuta kopo, akaketi. Alijitambulisha, akaeleza kesho kuna nini. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Mwanangu, nitakwambia mara moja. Siri ya maiti ni amana. Mwosha akiona baya hulifunika, naye Mungu atamfunikia lake. Nimeosha watu wa hapa, wengine ningefungua mdomo, nyumba zao zingeanguka. Sikufungua kwa mke wangu. Nitafungua kwako?"

"Ninaweza kukuletea hati ya kuitwa mahakamani."

"Ilete. Nitakwenda mahakamani na kunyamaza hukohuko."

"Kuna kijana amekufa mikononi mwa watu wanaolipwa kumlinda!" Theodora hakukusudia kupandisha sauti, lakini ilipanda. "Wanasema alijinyonga. Wewe unawasaidia kusema."

Gurudumu lilisimama. Mzee Muntasir alilizungusha tena, polepole. Theodora alitoa nakala ya maelezo ya Humaidi kwenye bahasha, akaiweka juu ya benchi la kazi, katikati ya bisibisi na gundi, akaonyesha lile doa la wino wa buluu.

"Hii ndiyo saini yake ya mwisho. Dole gumba. Mtu wa kidato cha sita."

Mzee aliinama kuitazama. Aliitazama kwa muda mrefu.

"La mkono gani?" aliuliza.

"La kushoto."

Alirudi nyuma, akaokota kitambaa, akaanza kujifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu mpya. Theodora alikuwa amekwishapata kitu. Katika miaka kumi na minne ya kazi alikuwa amewaonyesha watu alama za gumba mara nyingi mno, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza ni la mkono gani. Swali hilo huulizwa na mtu anayejua kwamba mikono miwili ile haikuwa sawa.

* * *

Bi Nunu alikuwa hajavuka kizingiti cha nyumba yake tangu msiba. Nyumba yenyewe ilikuwa ya zamani, ya udongo mnene na mlango wa nakshi; babu wa babu yake alifika na misafara, akaweka duka palepale, na tangu hapo ukoo ule haukuwahi kukosa mzani na kipimo. Humaidi alikuwa mtoto wake wa pekee. Mitungi ya asali bado ilikuwa imepangwa ukumbini, midomo imefungwa kwa nailoni, na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Theodora hakumwambia alichokuwa anakishuku. Kanuni zinakataza kumlisha shahidi maneno. Alimuuliza jambo moja tu.

"Mama, Mzee Muntasir alipomaliza kuosha, alikuwaje?"

Bi Nunu alifikiri. "Alirudisha kanzu."

"Kanzu gani?"

"Ada ya mwosha. Kwetu, aliyeosha hupewa nguo ya marehemu. Nilimpelekea kanzu ya Humaidi ya Idi, mpya kabisa, kavaa mara moja. Akairudisha siku ileile. Nikasema moyoni, anaona karaha kuvaa nguo ya mtu aliyejiua." Alimtazama Theodora usoni, na Theodora aliona jambo likiingia ndani ya yale macho na kutafuta mahali pa kukaa. "Muntasir haoni karaha," alisema Bi Nunu taratibu. "Ameosha wa kipindupindu. Ameosha waliopondwa na treni. Zote hizo nguo amevaa."

Akasimama, akajitupia buibui, akatoka. Theodora na Ezekia walilazimika kukimbia kidogo ili wasiachwe nyuma.

Mzee alipomwona anakuja aliinuka kwenye kigoda chake.

"Muntasir," alisema Bi Nunu. Hakusema Mzee. Majirani waliokuwa karibu waliusikia huo upungufu, wakageuka. "Kwa nini uliirudisha kanzu ya mwanangu?"

"Bi Nunu, ingia ndani, jua kali."

"Nijibie hapahapa juani. Sheikh alikataa kumswalia. Alisema mtu aliyejiua, yeye hawezi kumwongozea swala, atafutwe mwingine. Huo mji wote wa Chemchem, mtoto niliyemzaa hapa, wakamfuata watu saba. Saba! Niliwahesabu dirishani. Na wewe ulikuwa mmoja wa hao saba. Ulisimama pale unajua, ukamwacha mwanangu ashuke kaburini na jina hilo?"

"Baya la maiti hufunikwa," alisema mzee, lakini sauti ilikuwa imepungua.

"Baya la nani? Hebu nitajie. Lilikuwa baya la Humaidi, au la waliomleta?"

Mzee Muntasir alitazama barabara, mahali ambapo gari la polisi lilikuwa limesimama kwa siku tatu baada ya mazishi, limezima injini, watu wamo ndani.

"Niliogopa pia," alisema. "Sitakudanganya wewe. Nimejificha nyuma ya amana kwa sababu pana kivuli. Ndiyo maana sikuweza kuivaa ile kanzu." Aliketi. "Afande, andika."

Ezekia alifungua karatasi juu ya benchi.

"Kabla ya kuosha maiti tunamtawadhisha, kama mtu anayekwenda kuswali. Mkono wa kulia kwanza. Nikaushika mkono wa kulia, nikaona vidole haviko pamoja. Vinne vyote vimevunjika, na gumba lake, kila kimoja kinakwenda kwake, kama spoku zilizong'oka kwenye ringi. Kiganja kimeumuka. Nikamwambia mwenzangu, shika kifundo, mimi nimwagie maji polepole, tusimuumize. Maiti! Lakini nilisema hivyo, tusimuumize."

Bi Nunu hakulia. Alikuwa amelishika buibui lake kwa mikono yote miwili, kwa nguvu.

"Wa kushoto?" aliuliza Theodora.

"Wa kushoto pia. Vidole vinne. Kilichobaki kizima ni gumba peke yake, nalo lina wino. Nikalisugua kwa sabuni, nikalisugua kwa ndimu, halitoki. Adhuhuri inakaribia, watu wananiita. Nikamzika na wino wake."

Theodora alichukua kalamu kwa Ezekia akaandika mwenyewe sentensi ile ya mwisho, kwa sababu mkono wa sajini ulikuwa umesimama. Hasira iliyokuwa imempanda haikuwa ya kupiga kelele. Waliivunja mikono yote miwili, alifikiri, wakabakiza kidole kimoja, kwa sababu walihitaji karatasi yao ikamilike. Wangeridhika na kumuua tu, hakuna ambaye angewashika. Uroho wa karatasi ndio umewaponza.

* * *

"Neno la fundi baiskeli dhidi ya neno la mkuu wa kituo," alisema Levina kwenye simu. Alikuwa wakili wa serikali aliyeshika jalada, mwanamke mkavu asiyependa kufurahishwa mapema. "Nipe wa pili, Theodora. Asiyezungumza na wa kwanza."

"Walioosha walikuwa wawili. Mwenzake anaitwa Badar."

"Yuko wapi?"

"Mnaye nyinyi. Rumande. Mshtakiwa namba saba kati ya wale kumi na tisa."

"Unaniambia ofisi yangu inamshtaki shahidi wangu?"

"Kwa wiki tano sasa. Hajaonana na Muntasir tangu siku ya maandamano. Nenda wewe mwenyewe, Levina, usitume mtu. Usimtajie mkono, usimtajie wino. Muulize tu aliona nini."

Levina alipiga tena saa kumi kasoro dakika kumi. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Nimemuuliza. Alinicheka kwanza. Akasema, 'Mimi nilikuwa nimeshika kifundo cha mkono, mzee anamwaga maji.' Halafu akasema siku ya maandamano ndicho alichokuwa anakipigia kelele, vidole, vidole, mpaka bomu likamnyamazisha. Nikamuuliza kama kuna kidole chochote kilichosalimika." Alivuta pumzi. "'Gumba la kushoto,' kasema. 'Lilikuwa na wino.' Saa tisa hawezi kushika kalamu, saa kumi na moja afunge fundo nyuma ya nondo? Na aliyekaa naye saa tisa ameandika jina lake mwenyewe chini ya karatasi. Mkamate. Kesi ya mauaji. Karatasi nitakuletea kabla giza halijaingia."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Kornel ilikuwa na urefu wa kutoka saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, imeandikwa yote kwenye karatasi za kituo chake.

Walimkuta ofisini, chai mezani. Theodora alisoma shtaka akiwa amesimama. Kornel alisikiliza, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Kwa neno la waosha maiti?"

"Kwa karatasi yako. Wao wamenisomea tu. Sajini, mvue mkanda."

Walimpeleka kaunta. Konstebo wa kaunta alilivuta daftari la mali za mahabusu haraka mno, likaanguka sakafuni. Ezekia aliliokota akaandika huku akiyatamka maneno: mkanda mmoja, viatu jozi moja, saa ya mkono moja, simu moja. Aliposema simu, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Wakati huo sauti ikaingia kupitia dirishani. Ng'ambo ya barabara, mkabala na kituo, yalikuwa makaburi alikozikwa Humaidi, na alasiri ile baada ya swala Mzee Muntasir alikuwa amesimama mbele ya safu msikitini akasema alichokiona, kwa sauti, na jina la Humaidi ndani yake. Walitoka pamoja. Sasa walikuwa mamia, safu baada ya safu kati ya makaburi, madereva wa bodaboda wamevua helmeti, hadi safu ya mwisho ikagusa ukingo wa lami. Mbele yao alikuwa sheikh yuleyule aliyekataa, na kichwa chake kilikuwa kimeinama chini kuliko cha mtu mwingine yeyote. Nje ya safu, peke yake, alisimama mwanamke wa buibui jeusi, na begani ameweka kanzu nyeupe ya Idi.

Swala ya jeneza haina kurukuu wala kusujudu. Watu husimama tu. *Allahu akbar*, alisema sheikh, na mamia ya mikono ikainuka.

Kornel aligeuza shingo kuelekea dirishani. Ulikuwa uzoefu wa miaka mingi uliozungumza, kabla yeye mwenyewe hajakumbuka amesimama upande gani wa kaunta.

"Wana kibali hao?"

Theodora alimsogezea daftari, akaweka kalamu juu yake.

"Tia saini hapa," alisema. "Wewe vidole vyako vizima."